Blanketi la kroshia la miraba ya rangi: uzi wa sisi tunaoanza

kijukuu_cha_njombe

Habari za jioni wadau. Blanketi langu la kwanza limekwisha juzi, nimeona nisikae na nilichojifunza peke yangu. Ni miraba 48, sita kwa nane, kila mmoja sentimita 15. Pamoja na pindo limefika kama sentimita 96 kwa 126. Si la kitanda. Ni la kufunika magoti ya mama yangu anapoota moto kule Njombe, mwezi wa sita na wa saba, zile asubuhi ambazo unatoka nje unakuta umande umeganda juu ya majani.

Nawaandikia ambao hamjawahi kushika sindano ya kroshia, maana mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa mmoja wenu. Mama amefuma vitambaa maisha yake yote. Nimekulia kwenye sebule ambayo kila kochi, redio na meza vilivikwa kitambaa cheupe kilichotiwa wanga mpaka kinasimama. Mimi nilijaribu nikiwa darasa la nne, mkono ukanikatalia, nikaacha. Nimerudi nikiwa na miaka 41.

Jambo moja nataka mlishike kabla ya mengine: blanketi la miraba halimshindi mtu kwa sababu ya kufuma. Kufuma utakujua ndani ya siku tatu. Linamshinda kwa miraba isiyolingana, na kwa mikia ya uzi. Huko ndiko mablanketi mengi yanakofia, kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, miraba thelathini imekaa haijaunganishwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hayo mawili.

Vifaa havina gharama kubwa. Sindano ya kroshia ya milimita 5, uzi wa akriliki wa unene wa kati, mkasi, tepu ya fundi cherehani, na sindano kubwa butu yenye tundu pana. Usiazime sindano ya vitambaa ya mama yako. Ile ni ya chuma, nyembamba, milimita moja na nusu hivi, imeumbwa kwa uzi mwembamba wa pamba. Ukiitumia kwa uzi wa sweta itauchana, nawe utadhani kosa ni la mkono wako. Kwenye lebo ya uzi kuna mchoro mdogo wa sindano na namba pembeni yake, ifuate hiyo.

Mraba wenyewe sasa. Fanya kitanzi cha kuanzia, fuma cheni 4 (cheni moja ni kuvuta uzi mara moja upite ndani ya kitanzi kilicho juu ya sindano), unganisha ya mwisho na ya kwanza kwa slipu (ingiza sindano, vuta uzi upite moja kwa moja hadi ndani ya kitanzi kilicho juu ya sindano), umepata pete. Mzunguko wa kwanza unafumwa ndani ya tundu la pete, si ndani ya cheni zake: cheni 3, ambazo zinahesabika kama dabo moja, kisha dabo 2, kisha cheni 2 za kona. Baada ya hapo dabo 3 na cheni 2, rudia hivyo mara tatu. Funga kwa slipu kwenye cheni ya tatu ya zile ulizoanzia. Una mafungu manne ya dabo tatu tatu, na kona nne.

Kwa asiyejua dabo: zungushia uzi kwenye sindano mara moja, ingiza, vuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu juu ya sindano. Zungushia, pitisha kwenye viwili. Zungushia tena, pitisha kwenye viwili vilivyobaki. Basi.

Kuanzia mzunguko wa pili, kila kona inapata dabo 3, cheni 2, dabo 3, zote ndani ya tundu lile lile la kona. Kila nafasi ya pembeni inapata dabo 3 tu. Kati ya fungu na fungu weka cheni 1. Na hii ndiyo hesabu iliyoniokoa: idadi ya mafungu kwa kila upande ni sawasawa na namba ya mzunguko. Mzunguko wa tatu, kila upande mafungu matatu. Wa tano, matano. Ukihesabu upande mmoja ukapata manne na mwingine matano, fumua hapo hapo, usijidanganye kwamba utalirekebisha mbele.

Naendelea kesho, jiko linaniita.

mdau_wa_moshi

Nimeweka kambi hapa. Dada, uzi wa rangi zote hizo ulinunua? Maana nikipiga hesabu ya kununua boli kumi za rangi kumi, naona blanketi linakuwa ghali kuliko la dukani.

kijukuu_cha_njombe

Hapana dada, rangi nyingi nimezifumua. Nilikuwa na masweta ya shule ya wanangu wawili, moja la kijani na moja la bluu, na sweta la marehemu baba la rangi ya damu ya mzee. Mwanangu mkubwa alikuwa na la njano la utotoni. Boli nilizonunua ni tatu za rangi ya maziwa, mbili za kuongezea ladha, chungwa na zambarau, na ya kijani.

Ila sikiliza, si kila sweta linafumuka. Ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, liache. Kila mstari umeshakatwa, utapata vipande vifupi vifupi vya uzi visivyo na kazi. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kushonwa baadaye, ukingo wake ni mzima. Hilo ukipata ncha yake ukavuta, linatiririka kama maji. La kijani nilikata tamaa nalo, lilikuwa la ovaloki, nikaishia kununua kijani.

Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi. Ukiufuma hivyo hivyo miraba haitalingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, utoe, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha uuning'inize na kitu kizito chini yake. Mimi nilitundika ndoo ndogo yenye maji kidogo. Ukikauka umenyooka.

Kuhusu mabaki haya, wala si ubunifu wangu. Maelezo ya mraba wa namna hii yalishachapishwa mwaka 1885 kwenye gazeti la wakulima kule Marekani, na tangu hapo ilikuwa ni njia ya kumaliza mabaki ya sufu. Nilipolisoma hilo nilifurahi, nikaona sweta la baba liko mahali pake.

chaikavu_na_sindano

Mimi mraba wangu unakuwa bakuli. Nimefika mzunguko wa nne hauwezi kulala juu ya meza. Mdogo wangu naye wake unafanya mawimbi kama ukingo wa gauni la harusi. Tatizo nini?

fundi_bibi

Wewe kona zako zimepungua cheni, au unakaza mno zile cheni. Mzunguko unakuwa mfupi kuliko unachozunguka, lazima ujikunje. Mdogo wako amezidisha, ama ameweka mafungu mawili pembeni panapotakiwa moja. Hesabuni kama dada alivyosema. Na kama mraba unalala vizuri lakini umepinda kama umezungushwa kidogo, geuza kazi kila ukimaliza mzunguko, mmoja ufume mbele, unaofuata ufume nyuma. Utanyooka.

Nimefuma tangu 1979 wanangu, msiogope kufumua. Uzi hauchoki haraka hivyo.

chaikavu_na_sindano

Shikamoo bibi. Nimefumua mizunguko miwili, nikaweka cheni 2 kwenye kona kweli kweli, umelala! Asante sana.

fundi_bibi

Marahaba mwanangu.

jicho_la_wavu

Wakuu, mimi ni mwanaume, na ninauliza bila aibu kwa sababu mke wangu anatarajia na nataka mtoto apate kitu nilichokitengeneza kwa mkono wangu. Nitaweza? Baba yangu ni mvuvi Kilwa Kivinje, nimekua nikishona naye nyavu.

kijukuu_cha_njombe

Kaka, wewe umetutangulia sote. Mtu aliyeshona wavu anajua tayari mkono unavyoshika uzi ukiwa umekazwa kiasi kile kile kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hicho ndicho sisi wengine tunachokitafuta kwa wiki nzima. Tafadhali tueleze nyavu mnazilinganishaje macho.

jicho_la_wavu

Tunatumia kijiti. Kijiti kimoja, upana mmoja, kila jicho linapita juu yake. Hakuna kukadiria kwa macho.

kijukuu_cha_njombe

Asante kaka, umeniletea ninachotaka kueleza leo.

Miraba yangu kumi ya kwanza nilipoipanga sakafuni mmoja ulikuwa sentimita 13, mwingine 14 na nusu, mwingine 16. Uzi ni ule ule, sindano ile ile, mizunguko mitano yote. Kilichobadilika ni mimi. Siku za mwanzo nilikaza kwa woga, vidole vikiuma, wiki ya pili mkono ukalegea. Usiku nikifuma huku naangalia tamthilia nalegeza, nikifuma nina hasira nakaza. Niliona wazi kabisa.

Nikakata kipande cha boksi la sabuni, sentimita 15 kwa 15, nikakiandika KIPIMO. Kila mraba ukitoka unalazwa juu yake. Ukipungua kidogo unauvuta na kuubana kwa pini juu ya godoro, unaunyunyizia maji, unauacha ukauke. Ukipungua sana, fuata alichoniambia mama kwa simu: usiutupe, uzungushie mstari mmoja wa singo (ingiza sindano, vuta uzi, zungushia, pitisha kwenye vitanzi vyote viwili kwa pamoja) kwa rangi ile ya mwisho, utaongezeka. Ukizidi, fumua mzunguko wa mwisho urudie kwa sindano ya milimita 4 na nusu. Kati ya ile kumi, sita niliitengeneza hivyo na leo siwezi kukuonyesha ni ipi.

Kaka wa Kilwa, kwa mtoto mchanga fuma kwa sindano ndogo kidogo ili matundu yabane. Vidole vya mtoto vinaingia kwenye matundu ya kroshia na kunasa. Pindo lisiwe na vishada.

mdau_wa_moshi

Mimi nimechanganyikiwa na majina. Shangazi yangu aliyefundishwa zamani na masista anaita dabo kile ambacho kwenye video wanaita singo. Nimefuma mraba mzima kwa maelezo yake ukatoka mdogo kama biskuti.

fundi_bibi

Shangazi yako hajakosea. Yeye anatumia majina ya Kiingereza cha Uingereza, na video nyingi ni za Wamarekani. Singo ya Mmarekani ndiyo dabo ya Mwingereza, na dabo ya Mmarekani Mwingereza anaiita trebo. Dawa ni moja: maelezo yakiwa na neno singo popote pale, hayo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza wa leo neno hilo hawalitumii. Dada mwenye uzi anatumia ya Kimarekani, mfuateni hivyo hivyo.

kijukuu_cha_njombe

Asante bibi, hilo ningelisahau.

Sasa mikia. Kila rangi unayoanza na kumaliza inaacha mikia miwili. Mraba wangu una rangi nne, kwa hiyo mikia minane. Zidisha kwa 48: mikia 384. Mtu akitaka blanketi la kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, lenye kuning'inia pembeni, anahitaji kama miraba 130, hiyo ni mikia 1,040. Nawaambia hesabu hii si kuwatisha. Nawaambia ili msifanye nilichofanya mimi, cha kusema nitaificha yote mwishoni. Miraba kumi na minane ya kwanza niliiacha hivyo. Jumamosi nzima ikaniishia kwenye kuficha mikia, shingo ikakakamaa, nikawa siku mbili sigusi sindano.

Tangu hapo sheria yangu ikawa: mraba hauingii kwenye kikapu ukiwa na mkia. Acha mkia wa sentimita 15, usiukate mfupi kwa ubahili wa uzi, mkia mfupi ndio unaochomoka ukifua. Upitishe kwa sindano butu chini ya dabo za rangi yake yenyewe, upande wa nyuma, mwendo wa vidole viwili. Kisha urudi nao ulikotoka, ukiruka kinyuzi kimoja cha mwanzo ili usichomoke kwa njia ile ile. Halafu nyoosha mraba kwa mikono miwili, uvute pembe kwa pembe, ndipo ukate kilichobaki. Ukikata kabla ya kunyoosha, mkia unarudi ndani na kuacha ncha inachungulia upande wa mbele.

Sindano butu nasisitiza kwa sababu mimi mwanzoni nilitumia shazia ya kushonea magunia, ndiyo iliyokuwepo nyumbani. Ncha yake kali inapasua uzi katikati badala ya kupita chini yake, na ukitaka kutoa ulichokosea haitoki.

mtaa_wa_pili

Dada naona kazi nzuri. Swali la kibiashara: la ukubwa wako unaweza kuuza shilingi ngapi? Nataka kumshauri mke wangu aanze.

kijukuu_cha_njombe

Kaka, nitakujibu kwa saa, siyo kwa shilingi. Mraba wa kwanza ulinichukua saa moja na nusu. Nilipozoea, nusu saa pamoja na kuficha mikia. Miraba 48 kwa nusu saa ni saa 24, kuunganisha na pindo saa nyingine 12, jumla saa 36 ukiwa umeshazoea. Uzi ni karibu kilo moja: nilipima miraba kumi ikawa gramu 160, ongeza uzi wa kuunganishia na pindo. Sasa piga hesabu mwenyewe ya mtu aliyefanya kazi saa 36, uone kama mteja wa mtaani atailipa.

Jambo hili linaniuma kwa kweli. Sweta mashine inafuma, lakini kroshia halisi ni kazi ya mkono, kitanzi kimoja baada ya kingine. Ukiona blanketi la kroshia linauzwa bei ya chipsi kuku, kuna mtu mahali fulani hakulipwa saa zake. Mkeo aanze kwa kujifumia, akiwa mwepesi ndipo mkae mpange bei, tena ya heshima.

chaikavu_na_sindano

Rangi je? Mimi nikiweka zote pamoja naona vurugu tu.

kijukuu_cha_njombe

Hapa ndipo nilipopapenda kuliko kote. Nilikuwa na rangi zisizoelewana: damu ya mzee, bluu ya shule, njano iliyopauka, chungwa kali, zambarau, kijani. Nikazitazama wiki nzima nikaona kama soko. Siku moja nimetandika khanga kitandani nikaitazama vizuri. Katikati pale kwenye mji kuna mambo mengi yanapigana, ua hapa, embe pale, rangi kali juu ya rangi kali, lakini pindo linazunguka pande zote nne na kuyashika. Nikasema hivi ndivyo.

Kwa hiyo mizunguko minne ya ndani nilifuma rangi yoyote iliyonijia mkononi, ila mzunguko wa tano wa kila mraba, wote 48, ukawa rangi ya maziwa. Na kuunganisha ni kwa rangi ya maziwa. Ghafla ile soko ikawa kitu kimoja. Rangi kali zikawa zinapumua. Anayeanza asihangaike sana na kulinganisha rangi, achague moja tu ya kuwa pindo na asiisaliti hadi mwisho.

Halafu tandika miraba yote sakafuni kabla ya kuunganisha, upige picha kwa simu, uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utaona rangi nzito zimerundikana wapi. Mimi damu ya mzee na zambarau zote zilikuwa zimejaa kona moja, kwa macho sikuona, kwenye picha ilikuwa kama doa la masizi. Ukiridhika, pitisha kipande cha uzi katikati ya kila mstari kama tasbihi, uwekee karatasi yenye namba, ndipo uokote.

Onyo moja hapa: ile rangi ya pindo inunue yote siku moja. Kwenye lebo kuna namba ya loti ya rangi. Mimi boli mbili ziliisha, nikarudi duka lile lile, rangi ile ile kwa jina, loti tofauti. Usiku chini ya taa haikuonekana. Asubuhi juani mstari mzima ulikuwa wa manjano kidogo, kama meno na maziwa. Nilifumua mstari huo nikaihamishia ile loti nyingine kwenye pindo la nje peke yake, pale linapoonekana kama nimekusudia.

mdau_wa_moshi

Na kuunganisha? Wengine wanashona kwa sindano, wengine kwa kroshia.

kijukuu_cha_njombe

Zote zinafaa. Mimi nilitumia singo, miraba miwili migongo ikitazamana, unapata kimstari kilichoinuka juu, mama anakipenda. Unganisha mistari yote ya kulala kwanza mwanzo hadi mwisho, halafu ndipo ya kusimama. Kona nne zinapokutana usikaze, weka cheni moja uvuke, la sivyo panakuwa na kifundo.

Na tafadhali, usipige pasi akriliki. Nilitaka kunyoosha miraba miwili haraka, nikaweka pasi ya mkaa juu yake. Haikuungua, ililegea. Ikawa laini na bapa kama kitambaa kilichokufa, hairudi tena. Nililazimika kufuma mingine miwili, na mmoja wapo ulikuwa na uzi wa sweta la baba.

jicho_la_wavu

Dada nimefika mraba wa sita. Kipimo cha boksi ninacho. Yote sentimita 12, sijakosea hata mmoja.

fundi_bibi

Huyo ndiye mtoto wa mvuvi.

kijukuu_cha_njombe

Kaka umenifurahisha sana, salimia mkeo.

Nimefika Njombe jana usiku. Miraba saba ya kwanza ya blanketi la pili nimeifuma ndani ya basi, kutoka stendi ya Mbezi. Niliacha kidogo tulipopita Ruaha Mbuyuni ninunue vitunguu, na kwenye kona za Kitonga nikaweka sindano chini kabisa maana kichwa kinazunguka. Hilo ndilo ninalolipendea hili la miraba, unabeba sindano moja na boli mbili, blanketi lenyewe halikusumbui mpaka siku ya kuunganisha.

Mama nilimkabidhi leo asubuhi jikoni. Hakulitandaza. Aliligeuza upande wa nyuma kwanza, akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama anasoma. Kwenye mraba wa njano, mstari wa tano, akakuta mkia mmoja umechungulia, urefu wa punje ya mchele. Akaingia chumbani akatoka na ile sindano yake nyembamba ya vitambaa, akaurudisha ndani. Kisha akaligeuza, akautafuta mraba wa damu ya mzee, akaweka mkono juu yake, akajifunika.